Kitu na mahali pake: namna ardhi ya magofu yetu inavyosomwa



Miaka mingi iliyopita tulishuhudia kubomolewa kwa msikiti mmoja wa zamani katika mji wa pwani ambao jina lake tunaliweka kando, kwa kuwa waliohusika ni wazee wetu na nia yao ilikuwa njema. Waumini walikuwa wameongezeka, paa lilikuwa likivuja, na mfadhili alikuwa amejitokeza. Mafundi walipochimba msingi wa jengo jipya walitoa ardhini vigae vya vyungu, vipande vya bakuli za kigeni zenye rangi ya kijani, shanga chache, na jiwe moja la tumbawe lililochongwa nakshi ya kamba upande mmoja. Vigae vilikwenda na kifusi. Jiwe, kwa kuwa lilipendeza, liliwekwa juu ya kabati katika chumba cha imamu, na hapo limekaa hadi leo.

Kila mgeni aonyeshwapo jiwe hilo huuliza maswali yale yale. Je, lilitoka katika mihirabu ya msikiti uliotangulia ule uliobomolewa, au juu ya kaburi, au ukingoni mwa kisima? Lilikuwa kina gani? Liliandamana na vigae vya namna gani? Hakuna ajuaye. Jiwe tunalo, habari yake hatuna.

Watu wengi hudhani kwamba mwanaakiolojia, yaani mtaalamu wa mambo ya kale, ni mtafutaji wa vitu: dhahabu, sarafu, mitungi isiyovunjika. Ukikaa naye siku moja kazini utastaajabu jinsi anavyotumia muda mchache kuvitazama vitu na muda mwingi kupima umbali. Kabla hajatia jembe ardhini, hutandaza kamba na kuigawa ardhi katika miraba, aghalabu ya mita moja au mbili kila upande, na kila mraba huupa namba. Kisha huondoa udongo tabaka kwa tabaka, kwa mwiko mdogo wa mwashi, na kila kitokacho huandikiwa mraba wake, tabaka lake na kina chake. Kigae kimoja cha chungu peke yake hakisemi zaidi ya kwamba palikuwa na chungu. Lakini vigae mia vilivyotapakaa nyuma ya nyumba, pamoja na majivu na mifupa ya samaki, vinatuonyesha jiko lilikuwa wapi na taka zilitupwa upande gani. Na lau vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo bibi zetu wa kale walivitumia kusokotea nyuzi, vikikutwa kwa wingi katika chumba kimoja cha ndani na visionekane barazani, basi tumekwishaambiwa jambo kuhusu nani aliketi wapi na kwa kazi gani. Ukivikusanya vyote ndani ya gunia moja, habari hiyo imekufa, japokuwa hakuna kigae hata kimoja kilichopotea.

Tutoe mfano wa sarafu za Kilwa, maana hizi zimesafiri mbali. Masultani wa Kilwa walifua sarafu ndogo za shaba zenye majina yao, na maandishi ya upande mmoja hufuatana kwa vina na ya upande wa pili. Wataalamu wakichora ramani ya mahali zilipookotwa, huona jambo wazi: ni nyingi mno Kilwa kwenyewe na Mafia, nazo hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali. Moja ilionekana Great Zimbabwe, ikiwa na jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na inaafiki yale tunayoyajua kuhusu dhahabu iliyotoka huko bara kupitia Sofala hadi Kilwa. Ramani hiyo yenyewe ni habari, kwa kuwa yaonyesha kwamba sarafu hizi zilikuwa fedha za matumizi ya nyumbani, za sokoni na mtaani, kuliko fedha za kuvukia bahari.

Sasa, mwaka 1944, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliyekuwa zamuni katika Visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 ufukweni. Alizihifadhi miaka mingi bila kuzijali, hata ilipofika 1979 akazipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa! Mtu hawezi kuisikia habari hiyo asiwaze majahazi yakivuka Bahari ya Hindi nzima. Lakini zilifikaje? Zililetwa na mabaharia wa Kiswahili, au na Wareno, au na Waholanzi, au zilitoka mfukoni mwa mtu wa karne za karibuni? Zingekuwa zimelala katika tabaka la udongo, kando ya jiko au ubao wa chombo kilichovunjika, pengine tungejibiwa. Kilichobaki ni alama aliyoitia bwana huyo kwenye ramani, kwa kumbukumbu, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Msafara ulioongozwa na Ian McIntosh ulikwenda huko mwaka 2013 kuifuatilia alama hiyo, na fumbo halikufumbuka.

Linganisheni na yaliyofanyika Shanga, gofu lililoko pwani ya kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya. Huko Mark Horton na wenzake walichimba kati ya mwaka 1980 na 1988, na hatudhani kwamba kuna mahali pengine katika pwani yetu ambapo udongo umesomwa kwa subira kama pale. Mji huo ulikaliwa tangu katikati ya karne ya 8 hadi takriban mwaka 1425, ulipohamwa. Katikati yake yako magofu ya msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe. Wachimbuzi wangeweza kuupima msikiti huo, wakaupiga picha, wakaondoka. Badala yake walishuka chini ya sakafu yake.

Chini ya sakafu walikuta msikiti mwingine. Chini ya huo, mwingine. Matabaka ya chini kabisa hayakuwa na jiwe lolote, bali madoa ya udongo wa rangi tofauti, yaliyopangana kwa safu. Jicho lisilozoea halioni kitu hapo. Aliyezoea hujua kwamba hayo ni matundu ya nguzo: mti ulichimbiwa, mti ukaoza au ukang'olewa, tundu likajaa udongo mwingine. Ukiyachora matundu hayo kwenye karatasi, kila moja mahali pake, unaona ukuta, unaona mlango, unaona upande wa kibla. Ulikuwa msikiti mdogo wa miti, unaokadiriwa kuwa wa mwishoni mwa karne ya 8, yaani karne ya pili ya Hijria. Juu yake ilifuata mingine ya miti, na baadaye ya mawe, kizazi baada ya kizazi, pale pale.

Kuna jambo hapa linalofaa kutuliwa. Makka, kwa mtu aliye katika pwani yetu, iko takriban kaskazini moja kwa moja, na hivyo ndivyo mihirabu ya misikiti yetu ya kale ilivyoelekezwa, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Huko Shanga mwelekeo wa majengo ya mwanzo haulingani sawasawa na wa msikiti wa mwisho. Sisi tukitazama mchoro wa nguzo zile tunawaona watu wachache wasiokuwa na dira, wakiitafuta kibla kwa nyota na jua na kauli ya msafiri, na watoto na wajukuu wao wakiisahihisha kila walipojenga upya. Habari hiyo haimo katika kitabu chochote cha tarehe. Imehifadhiwa na pembe kati ya safu moja ya matundu na nyingine.

Na jambo la pili ni kubwa zaidi. Msikiti ule haukuwa pembezoni mwa mji, karibu na bandari, kama ambavyo ungekuwa lau ungejengwa na wafanyabiashara wapitao kwa ajili yao wenyewe. Ulikuwa katikati, ndani ya uwanja uliozungushiwa ua, pamoja na kisima, na nyumba za wenyeji ziliuzunguka: nyumba za miti na udongo, zenye vyungu vya namna ile ile iliyofinyangwa na watu wa bara lililo karibu. Wachimbuzi wa kizazi kilichotangulia, kama James Kirkman aliyechimba Gede kuanzia mwaka 1948 na Neville Chittick aliyefanya kazi Kilwa katika miaka ya 1960, waliiona miji hii hasa kuwa kazi ya walowezi kutoka Uarabuni na Uajemi. Hatusemi kwamba walidanganya. Walichimba kwa bidii, na michoro yao inategemewa hadi leo. Ila walichimba palipokuwa na mawe, na aliyechimba nyumba za mawe peke yake huonana na matajiri wa karne za mwisho, na vyombo vyao vya kutoka ng'ambo. Wazee wa mji huo huo waliozaliwa miaka mia tano kabla, katika nyumba za fito, wamelala hatua chache tu kando, mahali ambapo jembe halikugusa.

Ndipo linapokuja suala la mahali patupu. Msomaji aliyebahatika kufika Kilwa anajua kwamba kusini ya Kilwa Kisiwani kiko kisiwa kingine, Songo Mnara, chenye magofu ya mji uliositawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Mji huo una majumba ya mawe zaidi ya 40, misikiti kadhaa, makaburi na ukuta. Vilevile una nafasi kubwa za wazi katikati na upande wa magharibi. Katika ramani za zamani nafasi hizo ziliachwa nyeupe, kana kwamba hapakuwa na lolote la kuandikwa. Kuanzia mwaka 2009 Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walikuja na swali rahisi: watu wa mji walifanya nini hapo?

Hawakuanza kwa kuchimba. Walipita juu ya ardhi, mstari kwa mstari, na chombo kinachopima nguvu ndogo ya sumaku iliyomo udongoni. Elimu yake si ngumu kuielewa. Udongo ulioungua, kama wa jikoni au wa ukuta wa nyumba iliyoshika moto, huhifadhi sumaku tofauti na udongo ulio kando yake, na chuma nacho hujitangaza. Vipimo vyote vikikusanywa hutoa picha yenye weusi na weupe, na mtaalamu huona umbo la nyumba mahali ambapo macho yanaona majani tu. Kwa familia za Kiislamu zinazochukia, na zina haki, kuona makaburi yakifukuliwa, hii ni njia ya heshima: unajua palipo na kaburi ili usiliguse. Baada ya hapo walichimba vishimo vidogo kwa mpangilio na kuchota udongo kwa ajili ya maabara, maana udongo wenyewe hukumbuka. Palipotupwa mabaki ya chakula au palipofungwa mifugo huzidi fosfeti. Na mimea mingi huacha chembe ngumu zisizooza, zionekanazo kwa darubini, hata makuti na majani yenyewe yatoweke.

Majibu yalikuja taratibu. Upande wa magharibi palikuwa na nyumba za miti na udongo, yaani mtaa mzima wa watu ambao ramani haikuwa imewahesabu. Katikati, kwa upande mwingine, nafasi haikuwa imeachwa kwa bahati. Walizikwa watu hapo, palijengwa msikiti mdogo, na milango ya majumba kadhaa ilitazama huko, hivyo kwamba walio hai walipoketi barazani waliwaona waliotangulia mbele yao. Sarafu za shaba, zile zile za Kilwa, zilikutwa majumbani, na nyingine zilikutwa karibu na makaburi. Hapa tena mahali ndipo penye neno. Sarafu iliyodondoka sokoni na sarafu iliyowekwa kando ya kaburi ni shaba ile ile, uzito ule ule, jina la sultani yule yule. Lakini ya pili yatuonyesha desturi ya kuwazuru na kuwakumbuka wafu. Kuna miongoni mwetu watakaoiona desturi hiyo kuwa njema na watakaoikemea. Hilo tunawaachia wenye elimu ya fikihi. Sisi tunasema tu kwamba ilikuwako, na kwamba tusingeijua kama sarafu zile zingeokotwa na kuuzwa.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama haya yote yanahusu mji mmoja mmoja tu. La. Wataalamu huitazama nchi nzima kwa jicho hilo hilo. Aliyeifungua njia hii kwa mpangilio ni Mmarekani Gordon Willey, aliyeanza kazi mwaka 1946 katika bonde la Virú nchini Peru. Badala ya kuchagua gofu moja zuri, aliandika makazi yote ya bonde zima, makubwa na madogo, ya kila zama, akauliza ni kwa nini yako pale yalipo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1953 na kikawa kigezo.

Katika pwani yetu kazi ya namna hiyo imefanyika vizuri huko Pemba kaskazini. Pale Chwaka yako magofu ya mji wenye misikiti ya mawe, na jirani yake, Tumbe, kilikuwapo kijiji kikubwa cha nyumba za udongo, cha karne ya 7 hadi ya 10. Fleisher, kabla hajafika Songo Mnara, aliizunguka nchi iliyo nje ya mji. Mashamba ya Pemba yamejaa mikarafuu na majani, kwa hiyo kutembea na kutazama hakutoshi. Wasaidizi walichimba vishimo vidogo kila baada ya hatua kadhaa, wakachekecha udongo, wakaandika palipo na kigae na pasipo. Kazi hii ni ya kuchosha, na siku nyingine haileti kitu. Lakini hata kishimo kitupu kiliandikwa, kwa kuwa utupu nao ni jibu. Ramani ilipokamilika ilionyesha vijiji vidogo vidogo vilivyotawanyika kote katika karne ya 8 hadi ya 10, kisha kuanzia karne ya 11 vijiji hivyo vikapungua huku mji ukikua. Wanavijiji walikwenda wapi? Waliingia mjini. Kwa kauli ya Fleisher, mji ulikua kwa kuwavuta watu wa mashamba yake. Hakuna gofu moja, hata likichimbwa miaka mia, ambalo lingeweza kutoa ushahidi huo peke yake. Ulihitaji kilomita za mashamba.

Ramani hizi zina adui. Wa kwanza ni bahari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na mawimbi yakila ufuko. Kwa juhudi za ukarabati yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Wa pili ni watafutaji wa hazina, ambao hufukua makaburi ya kale usiku kwa tamaa ya mali isiyokuwapo, wakachanganya katika saa moja kile kilichopangwa kwa miaka mia sita. Wa tatu, na tunasema hili kwa masikitiko, ni sisi wenyewe tunaojenga. Mawe ya magofu yamechukuliwa kutengeneza misingi na kuchomwa chokaa, na misikiti ya kale imebomolewa bila mtu kuchukua hata picha. Hatusemi misikiti isipanuliwe. Watu wa Shanga waliipanua yao mara nyingi kuliko sisi.

Tanzania Bara inayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863 na kumtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Zanzibar na Kenya zina sheria zao. Lakini kamati ya msikiti inaweza kufanya mengi kabla ya ofisa kufika. Kazi isimame siku moja. Picha zipigwe kabla kitu hakijang'olewa, na kitu cha kupimia, hata rula au jembe, kiwekwe kando yake ili ukubwa ujulikane. Umbali upimwe kwa utepe kutoka katika vitu viwili visivyohama, kwa mfano pembe ya ukuta na kisima, na kina kipimwe kutoka usawa wa ardhi. Vigae vya shimo moja visichanganywe na vya shimo jingine. Kijana wa darasa la saba aweza kuyafanya hayo kwa daftari na kalamu, na karibu kila nyumba sasa ina simu yenye kamera.

Hivi karibuni tulirudi katika mji ule tuliouanza nao. Kati ya mafundi waliochimba msingi siku ile, mmoja bado yu hai, naye ni mzee wa kutembelea mkongojo. Tulimwomba aje nasi uani. Alisimama kwa muda mrefu, kwa kuwa ukuta wa zamani haupo na mwembe aliokuwa akipumzika chini yake umekatwa. Kisha alitafuta mdomo wa kisima, ambao umefunikwa kwa zege lakini bado unaonekana, akahesabu hatua 7 kuelekea upande wa kibla, akachoma mkongojo chini. Kuhusu kina alijipima kwa mkono, usawa wa kiuno. Vigae vya kijani, alisema, vilikuwa juu ya jiwe. Chini yake anakumbuka mchanga mweupe tu, na kitu kama tundu la mti.

Tuliyaandika hayo yote kwenye karatasi pamoja na mchoro wa uwanja, na imamu ameiweka chini ya jiwe, juu ya kabati.